Kukoroma na sukari: namna ya kutibu pumzi inayokatika usiku, na kujua kama sukari imeitikia

Kwa muda mrefu sukari yangu ya asubuhi ilinichezea shere. Nalala na 7.1 (milimoli kwa lita, kama mashine zetu za kidole zinavyosoma), sijatia kitu mdomoni, naamka na 9.6. Kliniki wakaniongezea vidonge mara mbili, kisha wakaniuliza kama usiku huwa naamka kula kiporo kwa siri. Sikuwa nakula. Aliyelifumbua fumbo ni mama watoto. Alinirekodi kwa simu usiku mmoja, asubuhi akanisikilizisha: mkoromo kama mashine ya kusaga, halafu kimya, kimya kirefu, halafu mkwaruzo wa mtu anayeibuka kutoka chini ya maji. "Baba watoto," akaniambia, "hapo katikati nilikuwa nahesabu. Nilifika ishirini na tatu."

Madaktari huiita hali hiyo apnea ya usingizi. Mtu akilala, ulimi na nyama za koo hulegea. Kwa wengine hulegea mno hadi njia ya hewa inajifunga. Pumzi ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi, hilo ni tukio moja. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unapiga filimbi kama mlinzi aliyeona mwizi ukutani, mwili unaamka nusu, hewa inaingia, unarudi kulala. Asubuhi hukumbuki lolote.

Tatizo ni kwamba kila filimbi inamwaga adrenalini, na usiku ukikatikakatika namna hiyo kotisoli nayo hupanda. Homoni hizi zinaliambia ini lifungue ghala la sukari, kwa kudhani unataka kukimbia. Seli nazo zinazidi kuwa sugu kwa insulini, homoni inayozifungulia mlango wa kuingiza sukari. Ndiyo maana mtu aliyekula mara ya mwisho saa moja jioni anaamka na sukari ya mtu aliyetoka karamuni. Si kila sukari ya asubuhi inayopanda husababishwa na hili, maana miili mingi ya wagonjwa wa kisukari huwa na mpando wake wa alfajiri hata bila kukoroma. Ila mwaka 2008 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilishatoa wito kwamba wanaotibu kisukari cha aina ya pili wakumbuke kuuliza habari za usingizi, na kliniki nyingi nilizokaa kwenye benchi zake hazijaanza kuuliza. Basi anza mwenyewe.

Hatua ya 1: Sikiliza usiku

Kama unalala na mtu, mwombe asikilize kuelekea alfajiri, si saa ile ya kwanza ya usingizi. Kama unalala peke yako, weka simu kwenye stuli kando ya kitanda, irekodi sauti usiku kucha. Usishughulike na ukubwa wa mkoromo. Wapo wanaotikisa mabati hadi asubuhi na pumzi zao ni salama. Unachokitafuta ni ule ukimya unaokatiza mkoromo na kuishia kwa mshtuko.

Kwetu pwani mtu akishtuka usiku anatweta husemwa amekabwa na jinamizi. Jinamizi lenyewe, la akili kuamka wakati kiungo hakisogei, ni jambo jingine na mara nyingi humjia mtu mara mojamoja. Anayekabwa kila usiku, tena mara nyingi, arekodiwe kwanza kabla hajapelekwa kuzinguliwa.

Angalia pia safari za chooni. Mgonjwa wa sukari akiamka mara nne kukojoa, kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, husema ni sukari. Huenda. Lakini kifua kinapovuta kwa nguvu wakati koo limefungwa, moyo hutanuka, nao hutoa homoni inayoamuru figo zitoe maji. Sukari kwa kawaida huanza kumwagika kwenye mkojo ikizidi karibu 10. Ukipima usiku ukakuta 7 au 8, na bado unapishana na ndoo, basi liangalie koo lako.

Wanawake hukosewa zaidi. Wengi hawakoromi kwa kishindo. Hulalamika kukosa usingizi, kichwa kuuma asubuhi, uchovu usioisha, na huandikiwa vidonge vya kuongeza damu au kuambiwa wana mawazo. Hatari yao hupanda baada ya hedhi kukoma.

Hatua ya 2: Chukua futi ya fundi cherehani

Kuna maswali manane yaliyotungwa Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2008, awali kwa ajili ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Unakoroma kiasi cha kusikika nje ya mlango uliofungwa? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyekuona pumzi zikikatika? Una presha, au unatumia dawa zake? Uzito wako ukigawanywa kwa kimo mara kimo, kwa mita, unapita 35? Umri unapita miaka 50? Shingo inapita sentimita 40? Wewe ni mwanamume?

Kila "ndiyo" ni alama moja. Alama 0 hadi 2, hatari ni ndogo. Tatu au nne, ya kati. Tano na kuendelea, nenda ukapimwe. Mimi nilipata sita, na shingo nilipimwa na fundi wa mtaani aliyedhani nataka kushona kanzu.

Dereva wa lori, basi au bodaboda anayesinzia kwenye usukani asisubiri kujumlisha alama.

Hatua ya 3: Andika sukari yako kabla ya tiba

Hatua hii watu huiruka, kisha baada ya miezi sita hawawezi kusema kama tiba imesaidia sukari au la. Tafuta daftari. Kwa wiki mbili pima kidole unapolala na unapoamka, kabla ya chai. Stripu ni ghali, najua. Kama huwezi kila siku, pima siku tatu za kila wiki, ila siku hizo pima usiku na asubuhi, kwa sababu kinachotafutwa ni tofauti kati ya namba hizo mbili. Andika pembeni umekula nini jioni na saa ngapi.

Usiku mmoja au miwili weka kengele saa tisa usiku upime. Ukikuta chini ya 4, sukari yako inashuka usiku, na hilo nalo huleta jasho, ndoto mbaya na kichwa kuuma asubuhi, dalili zinazofanana sana na za pumzi kukatika. Kunywa kitu cha sukari papo hapo, na kukicha mwone daktari kuhusu dozi.

Fanya pia kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c. Matokeo ya asilimia 6.5 na zaidi ni ya kisukari. Kati ya 5.7 na 6.4 ni mlangoni. Kuna tahadhari inayotuhusu sana: kipimo hiki husoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, zinazoishi takriban siku 120. Mwenye selimundu, upungufu wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni anaweza kupata jibu lisilo la kweli. Kama ni wewe, mwambie daktari, na utegemee zaidi daftari.

Hatua ya 4: Pimwa usingizi

Anayehusika ni daktari wa masikio, pua na koo, au wa kifua, kwenye hospitali kubwa ya rufaa. Kipimo kamili hulaza mtu hospitalini usiku mmoja akiwa amebandikwa nyaya kichwani, kifuani na miguuni. Kipo cha nyumbani pia: mkanda kifuani, kimrija puani, na kile kibanio cha kidoleni tulichokizoea wakati wa Uviko. Kwa mtu mwenye dalili za wazi, asiye na ugonjwa mkubwa wa moyo au mapafu, cha nyumbani kinatosha na ni nafuu.

Jibu huja kama idadi ya matukio kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida. Kutoka 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ya kati, 30 na zaidi ni kali. Piga hesabu mwenyewe: matukio 30 kwa saa, ukilala saa saba, ni mara 210 mlinzi amepiga filimbi. Uliza pia oksijeni ilishuka hadi asilimia ngapi, wala usikubali kuondoka na neno "kali" tupu bila karatasi.

Hatua ya 5: Mashine, barakoa, chandarua na umeme

Tiba kuu ni mashine ya CPAP, wengine huitamka sipapu. Si ya oksijeni. Ni feni inayosukuma hewa ya kawaida ya chumbani kupitia mpira hadi kwenye barakoa, na shinikizo la hewa hiyo linalizuia koo lisijifunge. Ilibuniwa Sydney, Australia, na daktari Colin Sullivan, aliyeitumia kwa mgonjwa mara ya kwanza mwaka 1980 akiwa ameiunga kwa injini ya mashine ya kufyonza vumbi. Kabla ya hapo, wagonjwa wa hali kali walitobolewa koo.

Kabla ya kulipa, uliza bima yako kwa maandishi kama inalipia, na uliza bei ya barakoa za akiba, maana barakoa huchakaa kabla ya mashine. Wengi wetu hununua mashine iliyotumika kutoka Ulaya au Marekani. Hapo fungua macho. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kwamba mamilioni ya mashine zake zirudishwe, za DreamStation za kwanza zikiwemo, kwa sababu sponji la ndani la kupunguza kelele lilikuwa likimomonyoka na chembe zake zikaweza kuvutwa mapafuni. Soma jina na namba ya mashine, tafuta kama ilikuwa kwenye orodha hiyo, na kama muuzaji hataki uisome, mwachie mali yake. Mpira na barakoa nunua vipya.

Barakoa ndiyo inayoamua kama utaendelea au utaacha. Ziko za pua peke yake, za pua na mdomo, na zile ndogo zinazokaa kwenye matundu ya pua. Anayelala mdomo wazi atavujisha hewa kwa ile ya pua. Mwenye ndevu nyingi atavujisha kwa karibu zote. Ijaribu ukiwa umelala chali, mashine ikiwaka, si umekaa kwenye kiti cha ofisi. Hewa ikivuma machoni, usikimbilie kukaza mikanda. Ilegeze kidogo, inua barakoa usoni ili ijae hewa, iache itue upya. Mikanda iliyokazwa kupita kiasi huvujisha zaidi na huacha kidonda juu ya pua, na kidonda kwa mgonjwa wa sukari tunajua kinavyochelewa kupona.

Kwa siku tatu nne za mwanzo ivae mchana, ukitazama taarifa ya habari. Uso ukiizoea ukiwa macho, utaivumilia usingizini.

Chandarua: weka mashine kwenye stuli nje ya chandarua, pitisha mpira upande wa kichwani, kisha chomeka pindo la chandarua chini ya godoro pande zote mbili za mpira. Usiiweke sakafuni, itavuta vumbi.

Kitangi cha maji hulainisha hewa. Tumia maji yaliyokenekwa, na yabadilishe kila siku. Usinunue "maji ya betri" gereji kwa kudhani ni hayohayo. Chupa nyingine ni tindikali. Kwa anayeishi Tanga au Mombasa, ambako hewa yenyewe inatota, wengi hulala bila kitangi na hawapungukiwi.

Hilo la kitangi linasaidia pia umeme ukikatika, kwani hita ya maji ndiyo inayokula umeme mwingi. Mashine bila hita inaweza kuendeshwa na betri usiku mzima. Soma kibandiko cha chini: nyingine hutaka volti 12, nyingine 24, na kila moja ina waya wake maalumu. Fundi sola anayejua kazi atakuunganishia, mradi umwonyeshe kibandiko.

Hatua ya 6: Ilinde saa ya alfajiri

Wagonjwa wengi huivaa mashine saa nne usiku, wakaivua saa nane wanapokwenda chooni, hawairudishi. Wanahesabu wametumia saa nne na wameridhika. Saa nne hizo zina asili yake: mfuko wa bima wa wazee wa Marekani, Medicare, huendelea kulipia mashine kama mtu ameitumia angalau saa 4 kwa usiku, kwa asilimia 70 ya siku. Hicho ni kipimo cha mlipaji. Sukari haikuulizwa.

Usingizi una tabaka, na usingizi wa ndoto sehemu yake kubwa huja mwisho wa usiku. Wakati wa ndoto misuli hulegea kabisa, koo likiwemo, hivyo pumzi hukatika kwa muda mrefu zaidi na oksijeni hushuka zaidi. Watafiti wa Chicago walipochambua wagonjwa wa kisukari, waliona pumzi zinazokatika katika usingizi wa ndoto ndizo zinazoendana na HbA1c kubwa, na kwamba mtu anayevua baada ya saa 4 huacha zaidi ya nusu ya usingizi huo bila tiba. Yaani analinda duka mchana na kuliacha wazi usiku.

Ukilijua hilo, matokeo ya utafiti yanayoonekana kugongana yanaanza kueleweka. Mwaka 2007 watafiti wa Oxford, Uingereza, waliwapa wanaume wenye kisukari mashine kwa miezi mitatu. HbA1c haikubadilika, na wastani wa matumizi yao haukufika saa 4. Mwaka 2015 Chicago waliwaweka watu walio mlangoni mwa kisukari maabara wiki mbili, wakavaa saa 8 kila usiku wakisimamiwa. Miili yao ilimudu sukari vizuri zaidi, na presha ikashuka pia. Mwaka 2016 utafiti mmoja mkubwa wa miezi sita haukuona badiliko la HbA1c, na mwingine wa Madrid, wa muda uleule, uliona ikishuka kwa takriban 0.4. Kwa hiyo sikuahidi muujiza. Mashine haichukui nafasi ya vidonge vya sukari kama metformin wala ya kupunguza ugali. Usingizi, presha na usalama barabarani inavisaidia waziwazi. Sukari huitikia kwa wengine, kwa kiasi, na sioni namna ya kuipa nafasi pasipo kuivaa hadi unapoamka.

Kwa hiyo ukienda chooni, usivue barakoa. Chomoa mpira tu, barakoa ibaki usoni, ukirudi uchomeke. Ni jambo la sekunde mbili na ndilo lililonitoa mimi kwenye matumizi ya saa nne kwa usiku hadi ya saa sita na nusu. Ukiamka uikute sakafuni bila kujua uliivua lini, punguza uvujaji, au omba shinikizo lianze chini na kupanda polepole. Anayeamka kuswali alfajiri na kurudi kulala aivae tena, hata kama ni saa moja tu imebaki.

Kila Jumapili soma kioo cha mashine: saa za matumizi, uvujaji, na matukio yaliyobaki kwa saa. Hayo ya mwisho yanatakiwa kuwa chini ya 5. Yakibaki 12 au 15, tiba haijakamilika. Rudi kwa daktari abadilishe shinikizo au barakoa.

Hatua ya 7: Rudi kwenye daftari

Baada ya wiki nne za kuvaa sawasawa, rudia zile wiki mbili za kupima usiku na asubuhi, kwa vyakula vilevile. HbA1c irudie baada ya miezi mitatu, si kabla, kwa sababu chembe za zamani bado zinazunguka na hadithi za zamani.

Usipunguze dawa kwa uamuzi wako. Ila kama unatumia insulini, au vidonge vya glibenclamide au gliclazide, fahamu kwamba dozi iliyopangwa wakati pumzi zinakatika inaweza kuwa kubwa mno zikitibiwa. Ukianza kuona 4 na ushei asubuhi, au unaamka na jasho na mikono inatetemeka, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Kwangu tofauti ya usiku na asubuhi ilishuka kutoka 2.5 hadi karibu 1, na daktari akakiondoa kidonge kimoja alichokuwa ameniongezea. Jirani yangu anavaa vizuri kuliko mimi na sukari yake haijasogea hata kidogo. Alichopata ni kuacha kusinzia kwenye daladala yake.

Kama mashine imekushinda, au hujaipata

Uzito kwanza. Utafiti wa Wisconsin wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa aliyepungua asilimia 10 ya uzito wake, matukio yake yalipungua kwa takriban robo. Hapa sukari na koo hufaidika kwa jasho moja. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha sindano ya tirzepatide, inayochomwa mara moja kwa wiki, kwa watu wazima wanene wenye hali ya kati au kali. Ni dawa ileile inayotumika kwa kisukari, na bei yake kwetu bado ni ya wachache.

Anayekatika zaidi akilala chali ashonewe mfuko mgongoni mwa fulana, awekewe mpira wa tenisi. Daktari wa meno mwenye ujuzi huo anaweza kutengeneza kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele, kwa hali nyepesi au ya kati. Pombe ya jioni na vidonge vya usingizi hulegeza koo zaidi. Kama umeandikiwa vidonge hivyo na daktari mwingine, mwambie kuhusu pumzi zako. Kati ya chakula cha usiku na kulala zipite saa tatu. Wakati wa Ramadhani, ambapo kati ya futari na daku usiku hukatwa vipande, panga na kliniki mapema, na kila kipande unacholala, kiwe na barakoa.

Na ukiitwa kwenye upasuaji, hata wa jino chini ya dawa ya usingizi, mwambie daktari atakayekupa dawa hiyo kabla ya siku yenyewe na uibebe mashine kwenye begi. Dawa zake hulegeza koo kuliko ndoto yoyote, na wodini utakapozinduka hakuna atakayekuwa na barakoa ya saizi yako.